CT skani ilisema kichwa kiko sawa, MRI imeona aneurizimu ya mm 4, niamini ipi?

Nuru_wa_Pili

Wakuu habari zenu. Naandika saa nane usiku maana usingizi umenikataa siku ya tatu sasa, naomba mwenye ujuzi au aliyepitia hili anisaidie.

Mimi ni mama wa miaka 43, presha ninayo natumia kidonge kimoja kwa siku, sigara sijawahi kuvuta. Kichwa kinaniuma tangu nikiwa msichana, upande mmoja, kinagonga kama ngoma alafu nikiona mwanga nasikia kutapika, nikilala kwenye giza masaa kadhaa kinapoa. Niliambiwa ni kipandauso na dawa zake zinanisaidia kwa hiyo nilishazoea kuishi nacho. Mwaka jana kilizidi, kikawa kinakuja karibu kila wiki, nikapelekwa CT skani ile ya kawaida bila kuchomwa dawa yoyote, dakika tano nimetoka, ripoti ikasema hakuna damu, hakuna uvimbe, ubongo uko sawa. Nikamshukuru Mungu nikarudi zangu nyumbani.

Mwezi uliopita nimeonana na daktari mwingine, huyu akakaa na mimi akaniuliza mambo ya familia, nikamweleza kwamba mama yangu mzazi alianguka jikoni akiwa na miaka 51, alishika kisogo akasema kichwa kinapasuka, hakuamka tena, na tuliambiwa ni mshipa wa damu uliopasuka ndani ya kichwa. Daktari akanyamaza kidogo alafu akaniandikia MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, pamoja na picha ya mishipa. Majibu ndo haya: aneurizimu, yaani sehemu ya mshipa wa damu iliyovimba kama kiputo, ya mm 4 kwenye ateri ya kati ya ubongo upande wa kushoto, pale inapogawanyika, haijapasuka. Na anasema tusikimbilie upasuaji, turudie picha baada ya miezi kadhaa.

Sasa mimi sielewi. Ile CT ilikuwa ya uongo? Au hii MRI imeona kitu ambacho hakipo? Mbona kitu kilichomuua mama yangu naambiwa tukiangalie tu? Na hiki kichwa kinachouma miaka yote, ndo hiyo aneurizimu ilikuwa inaniambia? Nisaidieni jamani, nina watoto.

ChumbaChaPicha

Dada Nuru pole sana, na pole kwa mama, najua hata kama imepita miaka mingi majibu kama haya yanafukua kila kitu.

Mimi kazi yangu ndo hii ya kupiga picha, mwaka wa kumi na nne sasa niko CT na MRI, kwa hiyo nakujibu hilo la picha, la matibabu nawaachia madaktari.

CT yako haikusema uongo, iliulizwa swali lingine. CT ya kawaida bila dawa inaona vizuri mno damu iliyomwagika kwa sababu damu mbichi inatokea nyeupe kabisa kwenye picha, inaona mfupa, inaona uvimbe mkubwa, inaona maji yakijaa. Lakini damu ikiwa bado imo ndani ya mshipa wake, rangi yake na rangi ya ubongo ulio pembeni zinakaribiana sana, ni kama unatafuta fundo la uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Aneurizimu kubwa sana au yenye chokaa kwenye ukuta wake wakati mwingine inajitokeza, ila mm 4 haionekani pale hata msomaji awe hodari namna gani. Kwa hiyo waliokuandikia "hakuna damu" walikuwa sahihi kabisa, hapakuwa na damu na mpaka leo hakuna. Tatizo ni sisi tunapomwambia mgonjwa "kichwa chako kiko sawa" wakati tumeangalia sehemu tu ya kilichomo, na mimi nimelisema hilo neno mara nyingi kabla sijajifunza kulipima.

Ukitaka kuona mishipa lazima uifanye ing'ae. Kwenye CT ya mishipa tunakuchoma dawa yenye iodini kwenye mkono, unasikia joto linashuka mwili mzima mpaka unadhani umejikojolea, ni hisia tu, na mashine inakimbia kukata vipande vyembamba chini ya mm 1 kwa zile sekunde dawa inapopita kichwani. Ukichelewa kidogo dawa imeshahamia kwenye vena na picha imeharibika. Ni ya haraka, ndo maana kwenye dharura tunaikimbilia, inakamata karibu aneurizimu zote kuanzia mm 3 kwenda juu, chini ya hapo inaanza kukosa. Mwenye figo dhaifu au aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo aseme mapema, asione aibu kuuliza mara mbili.

MRI ya mishipa, hiyo uliyopigwa wewe, mara nyingi haihitaji hata sindano. Mashine inanyamazisha nyama yote iliyotulia, alafu damu mpya inayoingia kwa kasi inabaki inang'aa peke yake. Naipenda sana hii picha, haina mionzi, unaweza kuirudia mwaka hadi mwaka. Ila udhaifu upo: ukitikisika inaharibika, na damu inayozunguka taratibu ndani ya aneurizimu kubwa inapoteza mng'ao hivyo inaweza kuonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuhusu kuona kitu ambacho hakipo, inatokea. Kuna mshipa mdogo unapochipuka unakuwa mpana kwenye shina kama mdomo wa faneli, hauzidi mm 3, hasa ule unaounganisha mishipa ya mbele na ya nyuma, na umewapa watu wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Kona ya mshipa iliyojikunja nayo inadanganya. Ya kwako iko kwenye mgawanyiko wa ateri ya kati, mahali ambapo aneurizimu zinapenda kukaa, na ni mm 4, hivyo nisingekaa nikitegemea kwamba imekosewa, lakini ni haki yako kuomba ripoti isomwe na mtaalamu mwingine wa radiolojia anayesoma vichwa kila siku. Mpelekee CD yenye vipande vyote, siyo ile karatasi, wala ile picha nzuri ya mishipa inayozunguka maana ile inatengenezwa na kompyuta na inaweza kuficha au kuongeza.

Kitu kimoja huwa nakifikiria sana nikiwa zamu ya usiku. Mwaka 1927 daktari mmoja, Egas Moniz, kule Lisbon, Ureno, alichoma dawa kwenye ateri ya shingoni akapiga eksirei na mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana. CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London Oktoba 1971. Miaka zaidi ya 40 hapo katikati, aliyetaka kuona aneurizimu ilibidi achomwe ateri. Wewe umeingia ukalala ukatoka na hiyo mm 4 ikaonekana ikiwa bado imetulia, mama hakuipata hiyo nafasi.

BabaTumaini

Nuru mimi siyo daktari, naongea kama mume wa mgonjwa, na naongea kwa sababu neno "CT iko safi" nusura linifanye mjane.

Mke wangu alikuwa anainua ndoo, akapiga kelele moja akakaa chini, akasema kama amepigwa shoka kisogoni. Hakuwahi kuumwa kichwa cha namna hiyo. Akatapika, shingo ikakaza. Tukaenda hospitali fulani siitaji, wakamwangalia, wakasema ni misuli ya shingo kwa sababu ya ule mzigo, wakampa dawa za maumivu tukarudi. Kikapungua kidogo lakini hakikuisha, na mimi nikaanza kumwambia apumzike tu kitaisha, hilo nitalijutia siku zote. Siku ya sita nikampeleka kwingine wakapiga CT, ikatoka safi. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu turudi nyumbani, akaingia daktari kijana, msichana tu, hakuuliza kichwa kinauma wapi, aliuliza "kilianzaje?" Mke wangu akamweleza ile ya ndoo. Akauliza tena "na leo ni siku ya ngapi?" Tuliposema ya sita akafunga faili akasema hiyo CT haitoshi kwa siku ya sita.

Wakamchukua maji ya mgongo. Maji yale ni meupe kama ya kunywa, ya mke wangu yalikuja ya njano. Usiku ule ule wakampiga CT ya mishipa wakaikuta ya mm 6 mbele, kwenye ule mshipa mfupi unaounganisha kushoto na kulia, ilishavuja mara moja. Alifanyiwa upasuaji ikabanwa na klipu. Yupo hai, anapika, anasali, anasahau majina ya watu kidogo lakini yupo. Daktari aliniambia ikivuja ya pili ndo wengi hawarudi, na siku za mwanzo ndo mbaya zaidi.

Kwa hiyo nakuomba usiipuuze ripoti yako lakini pia usijilinganishe na mama yako. Ya mama ilipasuka, ya mke wangu ilivuja, ya kwako imelala.

DaktariZamu

Nashukuru kwa maelezo ya hapo juu, ChumbaChaPicha umeeleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyowaeleza wagonjwa. BabaTumaini, yule daktari kijana alifanya kazi yake sawasawa, na alichouliza ndicho ningependa kila mtu hapa akibebe.

Nianze na hiyo ya siku ya sita. Damu ikimwagika juu ya ubongo inaanza kuyeyushwa na kusombwa na maji ya ubongo. Ndani ya masaa 6 tangu kichwa kianze, CT nzuri ikisomwa na mtu mzoefu inakamata karibu wote. Siku inayofuata inaanza kupitwa na baadhi, ikifika wiki inaweza kuwakosa karibu nusu. Picha ni ile ile, mashine ni ile ile, kilichobadilika ni saa. Hapo ndo maji ya mgongo yanapoingia: chembe za damu zikivunjika zinaacha rangi ya njano, inachukua kama masaa 12 kujitokeza na inabaki hata wiki mbili. Kwa hiyo ukimfikisha mgonjwa mwambie daktari saa kichwa kilipoanza, tena kwa uhakika, ulikuwa unafanya nini, taarifa ya habari ilikuwa inaanza au imeisha, chochote kitakachosaidia kuipata saa. Hiyo saa ndo inatuambia picha ipi tuiamini.

Dada Nuru sasa kwako. Kichwa ulichokieleza, upande mmoja, kugonga, mwanga kukera, kichefuchefu, kinakuja na kuondoka tangu ujana, hicho ni kipandauso na sioni sababu ya kukipa aneurizimu lawama. Aneurizimu ndogo ambayo haijapasuka kwa kawaida haiumi kabisa. Nyingi zinapatikana kama yako, mtu alikuwa anatafutwa kitu kingine. Kwa makadirio ni kama watu wazima 3 kwa kila 100 wanatembea nayo, wengi wanazikwa wazee kwa ugonjwa mwingine na hawakuwahi kujua. Kwa hiyo umekutwa na vitu viwili vinavyokaa kichwa kimoja, siyo kimoja kinachosababisha kingine.

Kichwa cha kukukimbiza hospitali usiku huo huo ni kingine. Ni kile kinachofika kileleni ndani ya dakika moja, wengi wanakumbuka kabisa sekunde kilipoanza, wanasema hawajawahi kuumwa hivyo maishani. Kikija na kuzimia, au degedege, au shingo kukaza, au kikianza ukiwa kwenye kazi nzito au tendo la ndoa, usisubiri kipoe. Na kuna dalili moja watu wanaichukulia ni ya macho tu: kope moja inashuka ghafla, jicho linaona mbili, ukiangalia mboni ya upande huo imekuwa kubwa kuliko ya pili. Hapo aneurizimu inaweza kuwa inakandamiza neva ya jicho, na hiyo ni dharura hata kama kichwa hakiumi sana. Siyo kila kichwa cha radi, yaani hicho cha ghafla, ni aneurizimu, kuna mishipa kujikaza, kuna damu kuganda kwenye vena, kuna ateri ya shingo kuchanika, na hivyo vyote navyo vinataka picha za mishipa, kwa hiyo safari ya hospitali haiwi bure.

"Tukiangalie tu." Naelewa linavyosikika kwa mtu aliyempoteza mzazi. Lakini kuziba aneurizimu nako kuna hatari yake, unaweza kupata kiharusi kwenye meza ya upasuaji kwa ajili ya kitu ambacho pengine kisingekusumbua mpaka uzeeni. Kwa hiyo tunapima: ukubwa, mahali ilipo, umri, presha, kama uliwahi kupata kuvuja kabla, hata umetoka jamii gani maana Wajapani na Wafini zao zinapasuka zaidi. Kuna alama zinaitwa PHASES zinazojumlisha hayo. Kwa ulivyojieleza, chini ya mm 7, mahali hapo, umri huo, presha ipo, hatari ya kupasuka ndani ya miaka 5 inatoka chini ya mtu 1 kati ya 100. Ila zile alama hazihesabu historia ya familia, na haziangalii umbo. Aneurizimu yenye kichuguu juu yake, au isiyo laini, au iliyokua kati ya picha mbili, tunaiogopa zaidi hata ikiwa ndogo. Ndo maana daktari wako anataka picha ya pili, na ndo maana usiikose hiyo tarehe. Mwambie tena habari ya mama na uombe faili lijadiliwe na daktari wa upasuaji wa ubongo, hata kama uamuzi utabaki kusubiri.

Wakati unasubiri kazi yako kubwa ni presha. Kidonge usikiruke hata siku moja.

Kisima_cha_Maswali

Samahani naingilia, mimi swali langu ni moja. Kama MRI haina mionzi na inaiona ikiwa bado imelala, kwa nini kila anayeumwa kichwa asipigwe tu hiyo picha tukamaliza? Mbona watu wanarudishwa na panadol kila siku, Nuru mwenyewe angepigwa mapema angejua mapema.

DaktariZamu

Swali zuri na nimeulizwa na ndugu wa wagonjwa waliokuwa wanalia, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Ukichukua watu 100 wenye kipandauso cha kawaida, wakapimwa mwili na neva wakakutwa wazima, utakayoyaona kwenye picha zao ni karibu sawa na ya watu 100 wasioumwa kichwa kabisa. Wachache kati yao utawakuta na aneurizimu ndogo, na wengi wa hao isingewadhuru kamwe. Umewapa nini? Umewapa usiku kama huu wa Nuru. Wengine wanaingia kwenye upasuaji ambao haukuhitajika. Na foleni ya mashine inajaa mpaka yule wa kichwa cha ghafla anasubiri nyuma ya watu wenye picha zisizo na haraka, hilo nimeliona kwa macho yangu na linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo tunachagua. Kichwa cha ghafla, kichwa kipya baada ya miaka 50, kichwa kilichobadilika tabia, mwenye dalili ya neva, mwenye homa na shingo ngumu, mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye saratani au kinga iliyoshuka, hao picha haraka. Na mbali na wanaoumwa kichwa kuna wanaostahili picha ya mishipa hata wakiwa hawaumwi popote: wenye ndugu wa damu wa karibu wawili au zaidi waliopata aneurizimu, na wenye ule ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa malengelenge ya maji, maana unatembea na aneurizimu.

Nuru_wa_Pili

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki, kwa mara ya kwanza wiki hii nimeelewa kilichopo kichwani kwangu. BabaTumaini msalimie sana mkeo.

Daktari hapo mwisho umenishtua. Ndugu wa karibu wawili. Mama yangu mmoja, na sasa mimi wa pili. Nina wadogo zangu watatu, wa kike mmoja anavuta sigara tangu chuo. Ina maana wao sasa wameingia kwenye hesabu? Na kingine, daktari wangu alitaja kwamba picha ya pili ikiwa na utata atanipeleka angiografia ya kupitisha mpira kwenye mshipa mpaka kichwani, hapo nilitetemeka nikaacha kumsikiliza.

DaktariZamu

Ndiyo dada, wameingia. Jana wao walikuwa na mzazi mmoja tu, leo wana mzazi na dada, na hiyo inatosha kwenda kwa daktari na ripoti yako mkononi na kuzungumzia MRI ya mishipa. Kwa huyo anayevuta sigara usisubiri hata picha, sigara inachangia aneurizimu kuota na inachangia kupasuka, na ndo kitu pekee katika hesabu yote hii ambacho yeye mwenyewe anaweza kukiondoa kesho asubuhi. Ongea naye kwa upole lakini ongea. Na wakikutwa hawana kitu bado si muhuri wa milele, kwa familia za namna hii tunashauri picha irudiwe baada ya miaka kadhaa kwa sababu hizi mtu hazaliwi nazo, zinaota ukubwani.

Koili_Tisa

Hiyo ya mpira niachieni mimi, nimefanyiwa mara nne.

Yangu ilipasuka nikiwa na miaka 38 lakini leo nakueleza angiografia tu. Mara ya kwanza sikumbuki maana nilikuwa nusu mfu, zilizofuata nilikuwa macho kabisa. Unalazwa kwenye meza nyembamba, wanakuganzisha kwenye kinena au kwenye kifundo cha mkono pale wanapopima mapigo, mimi nimefanyiwa kote kuwili na mkononi ni nafuu zaidi. Wanaingiza kijimpira chembamba mno kwenye ateri wakikisukuma huku wanaangalia kwenye skrini. Ndani ya mshipa husikii kinapita, hilo ndo jambo lililonishangaza, nilikuwa nasubiri maumivu ambayo hayakuja. Wakifika shingoni wanakwambia usipumue usimeze mate, wanasukuma dawa, unasikia moto nyuma ya jicho na kama mwanga unawaka, sekunde kadhaa umeisha. Wanarudia kila upande. Baada ya hapo kama ni kinena unalala chali masaa mengi bila kukunja mguu, kwa kweli mgongo ndo uliniuma kuliko kitu kingine chochote.

Picha inayotoka pale hakuna nyingine inayoifikia, mishipa peke yake, mfupa wameufuta kwa kompyuta, unaona damu inaingia kwenye aneurizimu inazunguka inatoka. Hatari ipo, walinieleza kabla sijasaini, kiharusi cha kudumu ni chini ya mtu 1 kati ya 100, ndo maana hawaifanyi kwa kila mtu bali pale CT na MRI zinapogongana au pale wanapopanga kuziba. Na uzuri wake, mimi kwa njia ile ile ya mpira walijaza koili tisa, nyuzi laini za platinamu zilizojikunja, ndani ya kile kibonge, kichwa hakikufunguliwa.

Nina koili na bado napigwa MRI kila baada ya muda kuangalia kama zimekaa vizuri, hazina shida na sumaku. Ila ukiwekewa klipu au chochote omba kadi yake utembee nayo, klipu nyingi za siku hizi ziko salama lakini zile za zamani za chuma mashine inaweza kuzivuta, na anayekupiga picha hawezi kujua usiposema.

ChumbaChaPicha

Nakazia hapo kwa Koili_Tisa, kadi kadi kadi. Mara mbili nimewahi kusimamisha mtu mlangoni pa MRI kwa sababu alikumbuka klipu akiwa ameshavua viatu.

Na Nuru ukienda kurudia, omba irudiwe kwa aina ile ile ya picha na ikiwezekana kwenye mashine ile ile, na uende na CD ya kwanza wazilaze pembeni kwa pembeni. Tofauti ya mm 4 ya MRI na mm 5 ya CT inaweza kuwa ni vipimo viwili tofauti tu, lakini mm 4 na mm 5 za mashine moja, msomaji mmoja, hiyo ni habari nyingine.

Nuru_wa_Pili

Asanteni sana wote. Koili_Tisa nimekusoma nikalia alafu nikapata nguvu. Leo asubuhi nimeenda kuchukua CD zote mbili, ya CT na ya MRI, wamenipa na bahasha ya ripoti. Nimempigia mdogo wangu wa kike, hakuniambia ataacha sigara, ila ameniuliza hiyo MRI inachukua muda gani na kama anaruhusiwa kufumba macho. Nimemwambia anaruhusiwa na kwamba nitakaa naye kwenye benchi nje mpaka atoke. Presha leo 128 kwa 82. Picha yangu ya pili nimepangiwa, nitarudi hapa na majibu.